Mikorosho Niliyoitazama kutoka Angani

Neno lenyewe lilikuwa moja tu: chapa. Nakumbuka siku niliyolitamka, mwanangu, ndani ya steshenari moja ya Mlandizi, na laiti ningelimeza.

Kijana mwenye kompyuta alikuwa akiwaonyesha wateja maajabu mapya, picha za dunia zilizopigwa na setilaiti. Watu walijazana kutafuta mapaa ya nyumba zao. Mimi nikamwomba anitafutie Msimbu, kwenye shamba la mikorosho alilotuachia baba. Nilikuwa naishi Soga. Shambani alibaki mdogo wangu, Shomari. Kijana akasogeza, akakuza. Pale nilipotegemea kuona vichwa vya mikorosho vimeshikana, niliona udongo mtupu.

"Mzee, hapa pamefyekwa," akasema. "Nikuchapie?"

"Chapa."

Shaka sikuipata kwenye kompyuta, mwanangu. Niliingia nayo. Siku nyingi nilikuwa nikijiuliza Shomari anafanya nini kule peke yake, na mbona korosho zinapungua kila msimu. Uvivu wa kwenda kuangalia ulikuwa wangu, lakini lawama nilishampa yeye. Picha ilinipa tu kitu cha kushika mkononi.

Nikaita ndugu nyumbani kwa shangazi yetu Mwajuma, Kisarawe. Shomari akaingia, akanipa shikamoo. Sikuitikia. Nikatandaza karatasi yangu juu ya mkeka.

"Mikorosho ya baba umeichomea mkaa, siyo?"

"Ipo, kaka."

"Nimeona haipo."

"Umeona lini? Mbona hukupita hata kunywa maji?"

"Nimeona hapa. Picha imepigwa kutoka juu."

Shomari akacheka. "Basi huyo mpiga picha angeshuka kidogo. Twende shambani, kaka, ukaone mwenyewe."

"Nendeni kwanza," shangazi akadakia. "Ubwabwa wangu hauna miguu, mtaukuta."

Nikakataa. Nilijiona msomi wa sekondari mwenye ushahidi, niende porini kutafuta nini tena? Mbele ya wote nikamwita mdogo wangu mwizi, nikamwondoa shambani. Akavaa kandambili zake, akaondoka bila kula.

Nilikuja kufika Msimbu wakati mikorosho ya majirani inatoa maua. Ya baba ilikuwa visiki. Nikainama. Kila kisiki kilikuwa kimechipua, na kwenye machipukizi palikuwa na vikonyo, vijiti vilivyokatwa kwenye mkorosho wa mbegu bora, vimeungwa na kufungwa kwa vipande vya nailoni. Miti ilikuwa imezeeka, ndiyo maana korosho zilipungua. Shomari aliikata ili aibebeshe mbegu hiyo bora, izae upya. Jirani akaniambia alikuwa akiamka na kwenda kuvikagua vikonyo hivyo kabla hata ya chai. Sasa vilikuwa vimekauka, kwa kukosa mtu wa kuvitazama. Hayo yote, kutoka juu, yalionekana kama udongo.

Siku hizi dunia yote inachunguliwa. Dalali wa Kwala anauza kiwanja akiwa amekaa barazani, na mnunuzi hajakanyaga hata nyasi zake. Wazee wa bwana harusi wanakagua paa la kwa bibi harusi kwenye simu, bati au makuti, kabla ya kupeleka posa. Mnaita maendeleo. Sikatai, yamewafaa wengi. Lakini mimi mtu akininyooshea simu na kusema "tazama hapa", kwanza namtazama yeye.

Nasaha yangu ni hii. Ukionyeshwa jambo la ndugu yako kutoka mbali, uliza picha ilipigwa lini, halafu jiulize wewe mwenyewe ulikuwa unatamani kuona nini. Kisha vaa viatu uende. Ukifika, itikia salamu yake kabla hujauliza lolote.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya karibu, na miguu isiyochoka njia ya kwenda kwa ndugu zako.

Mimi nilimwomba Shomari radhi, akanipa, na chai akaniandalia. Ila Msimbu hakurudi, wala haniiti tena kaka. Ananiita mzee, kama anavyomwita mpita njia yeyote. Shamba limekuwa pori. Neno lile moja lilinigharimu mikorosho ya baba, na ndugu pekee niliyenyonya naye ziwa moja.