Jiwe Nililolichonga Mdomo

Juzi mpwa wangu alinitumia picha ya jiwe aliloliokota Marangu. "Shangazi, hii si sanamu ya watu wa kale?" Nililitazama kwenye simu mpaka chai ikapoa. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, kwa nini sikumjibu haraka.

Nilikuwa na miaka kumi, nikiishi huko huko Marangu kwa bibi, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo la kahawa na migomba. Siku moja, tukisafisha mfereji, niliokota jiwe jeusi, zito, lenye matundu mawili yaliyokaa kama macho. Lilikosa mdomo tu. Nikauchonga kwa msumari, nikaupaka tope, nikaliweka jikoni karibu na chungu cha kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage.

Baba mdogo alipoliona aliliinua kwenye mwanga. Halafu akasema, "Hii ni kazi ya mikono ya watu. Na lilipotoka yapo mengine." Nilitaka kusema. Lakini majirani walikuwa wameshajaa uani, wananisifu kwa macho yangu makali, na sifa ni tamu kwa mtoto.

Kesho yake alianza kuchimba kando ya mfereji. Siku ya tatu aliifikia mibuni aliyoipanda babu, akaing'oa mitatu. Hatua chache mbele yake palikuwa na kaburi la babu mwenyewe.

Bibi alifunga kanga kiunoni, akasimama mbele ya kaburi. "Hapa hupiti."

"Mama, sogea. Mawe haya yatatujengea nyumba."

"Basi nichimbe mimi kwanza."

Jirani mmoja alikimbia kumwita mwalimu wetu wa jiografia. Mwalimu alimwamkia bibi shikamoo, akaomba jiwe, akaligeuzageuza juani. Alipitisha kidole ndani ya macho.

"Haya ni mapovu ya hewa, ya tangu mlima ulipotapika moto. Ndani ni laini, hakuna alama ya chombo, na rangi ni moja na jiwe zima." Kisha akalowesha kidole gumba kwa mate, akausugua mdomo. Tope likatoka, mstari ukabaki mweupe. "Mchongo wa kale huzeeka pamoja na jiwe lake. Huu ni wa juzi. Nani kauchonga?"

 Jembe la baba mdogo lilikuwa bado begani mwake.

"Ni mimi," nikasema. "Kwa msumari."

Nilingoja kofi. Baba mdogo alishusha jembe taratibu, akaketi kwenye udongo aliouchimba, akalia. Bibi hakunifokea. Alisema tu, "Ungesema juzi, mibuni ingekuwa imesimama."

Jioni ile tuliipanda upya. Ikanyauka hata hivyo. Baba mdogo akahamia Njoro, bibi akafariki, na mibuni iliyobaki iling'olewa ikapandwa miparachichi. Zamani, baada ya mvua za kwanza, kihamba kizima kilikuwa cheupe kwa maua ya kahawa, yakinukia hadi barabarani. Watoto waliozaliwa baadaye, mpwa wangu akiwa mmoja wao, hawaijui harufu ile, nami sijui niwaelezeje.