Kushoto kwa Radio

Mjomba wangu wa Kabambare hajawahi kuona uwanja wa mpira wenye viti. Uwanja wake mwenyewe huuchora kwa majivu, uani, mbele ya radio. Mtangazaji wa Kifaransa akisema timu fulani inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwa radio yako, mjomba huyapokea maneno hayo kama amri: punje za mahindi kushoto, chikichi kulia, naye anawasogeza wachezaji kwa ufito. Ni mwiko kukatiza pale wakati radio inasema. Kuku hawajui mwiko. Jogoo mmoja aliwahi kummeza beki wetu, na mjomba akaendelea na wachezaji kumi, maana hata huko Ulaya, alisema, kadi nyekundu ziko.

Taabu yake ni mkewe. Yeye huketi nyuma ya radio akimenya mihogo, na tangu waoane anashikilia kwamba mpira unakwenda kinyume cha anavyosema mumewe.

Niliposikia kwamba mkutano wetu wa walimu utafanyika Abidjan, wakati uleule wa Kombe la Afrika, nilipanda pikipiki kutoka Kasongo kwenda kuwaaga. Nilifika nimepakwa matope kama ukuta mpya. Macho ya mjomba yalikuwa yameanza kufunga ukungu, nikadhani ataniagiza dawa.

"Hapana," akasema. "Uangalie uwanja, kisha unipigie, uniambie kama yangu iko sawa. Macho ikizimika, niwe na uwanja ya kweli mu kichwa."

"Na uangalie kushoto vizuri," mkewe akadakia. "Usimupendelee juu yeye ni mujomba yako."

Hivyo alasiri moja nilitoroka kikao cha mkutano, ambacho bila shaka kiliendelea vizuri bila hekima yangu, nikaenda kwenye uwanja wa zamani katikati ya mji. Nilipanda ngazi nyembamba ya saruji, yenye giza na harufu ya samaki wa kukaanga. Juu kukafunguka.

Nilikuwa nimejiandalia sentensi kuhusu usanifu wa majengo. Ilinitoka kichwani. Majani yalikuwa ya kijani hata nikashuku macho yangu, na watu walikuwa wamejaa pande zote mpaka juu, kama bonde ambalo miti yake inaimba. Kelele haikuingia masikioni. Ilipanda kutoka miguuni, kupitia saruji iliyolainishwa na makalio ya baba na babu za watu hawa. Niliduwaa pale njiani mpaka mama mmoja akanisukuma kwa begi lake.

Nikapiga simu. Kijijini kwao mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu, kwa hiyo mjomba alikuwa amepandishwa huko, mkewe akimshika shati kwa mkono mmoja na radio kwa mwingine.

"Uko ndani?"

"Niko ndani, Mujomba."

"Iko namna gani?"

Mimi, ninayefundisha vijana kuandika insha, nikajibu: "Ni kubwa."

"Hiyo tu? Na masomo yote ile?"

Nikaanza kumweleza vibanda vya watangazaji, vilivyokuwa ng'ambo ya uwanja, vikinitazama. Hapo uwanja mzima ukalipuka. Niliinua simu juu ya vichwa, nikaishika hivyo kwa mikono miwili, kama mtu anayekinga mvua. Nikairudisha sikioni.

"Majivu yangu ni kidogo sana," mjomba akasema polepole. Kisha: "Nani amefunga?"

Nilikuwa nimeangalia simu.

"Sikuona, Mujomba."

Kicheko cha mkewe kilifika Abidjan kizima. "Tumetuma kipofu!"

"Nyamaza, radio iko inasema." Mjomba akaitegea sikio. "Bao iko kulia. Kulia ya radio."

Nikatazama. Wachezaji walikuwa wamelaliana kwa furaha, kushoto kwangu.

"Huku nilipo ni kushoto," nikakiri.

"Niliwaambia!" mkewe akapiga kelele. "Tangu tuoane niliwaambia!"

Nilingoja mjomba akasirike. Hakukasirika.

"Basi weye umekaa nyuma ya radio, pale pa mama na mihogo yake," akasema. "Mie niko mbele. Sasa naiona yote, pande zote."

Nami, mwenye tiketi mkononi, nikamwomba anisimulie bao lilivyoingia.