Jiwe la Fortunata

Kwenye karakana ya mawe ya makaburi ya Gibson, hapa Tunduma, mtu wa kung'arisha ni Deus. Huanza na msasa mkali, anaingia kwenye msasa laini, anamalizia na kile kitambaa cha msasa chenye sponji mgongoni. Kitambaa hicho ni cha kona na mabega ya jiwe. Maandishi hakiyagusi, kwa sababu sponji huzama ndani ya herufi na msasa unakula kingo zake. Kwenye maandishi unafunga msasa kwenye kipande cha ubao. Deus ndiye aliyewafundisha wenzake hivyo, tena kwa matusi. Nauza chai pale mlangoni, matusi yake nimeyasikia ya kutosha.

Binti yake, Fortunata, alizikwa kijijini kwao, Ruanda, chini ya msalaba wa mbao, na mchwa wakaumaliza. Rozi, mkewe, akawa anamsimanga kwamba anang'arisha makaburi ya watoto wa watu huku la mwanawe halina hata alama. Deus akamwomba Gibson jiwe. Gibson hajawahi kumpa mtu kitu kizima. Alimpa bamba la marumaru lililomeguka kona, jembamba, lisilostahimili kuchongwa kwa kina, na akamwambia alishughulikie baada ya kazi za wateja.

Ndugu wakaalikwa, mchungaji akaambiwa, ibada ya kuweka jiwe ikapangwa Jumamosi. Deus akachonga jina kwa kina cha ukucha tu, kisha akashika kitambaa cha sponji. Nikamuuliza ubao wake uko wapi.

“Mama Brenda, ubao ni mgumu,” alinijibu. “Huyu ni mwanangu.”

Mjinga yule. Kila jioni aliloanisha jiwe, akasugua, akafumba macho na kulipapasa, halafu akasema bado linakwaruza. Kilichokuwa kinamkwaruza ni jina. Tope jeupe la jiwe lilifunika kila kitu, naye akaendelea kusugua.

Ijumaa akalimwagia maji. Jiwe lilimeta vizuri mno. Pale palipokuwa na Fortunata palibaki vibonde ambavyo hakuna aliyeweza kuvisoma. Deus akakaa chini akalia mbele yetu sote, nami roho iliniuma.

Gibson akaja, akaligeuzageuza kwenye mwanga. Pole hakutoa.

“Hili sasa linauzika,” alisema.

Akaagiza kona mbovu ikatwe na vibonde vipitishiwe mashine. Jumamosi kule Ruanda waliimba kwenye tuta tupu la kaburi, na Rozi hakumtazama mumewe hata mara moja.

Jumatatu jiwe likarudi mezani kwa Deus, limechongwa jina la mtoto wa mteja kutoka Nakonde. Deus akatafuta kipande chake cha ubao, akafunga msasa, akasugua. Herufi zote zilitoka kali, unazisoma ukiwa barabarani.