Ulimi Niliotaka Kuuza

Nilipoamua kuuza kampuni yangu ya asali hapa Kibondo, niliogopa kitu kimoja tu: mtu asije akagundua kwamba sisikii ladha. Ulimi wangu ulikufa mwaka ule wa barakoa, baada ya homa ya siku tisa, na haukufufuka tena. Chumvi, sukari, dawa ya meno, kwangu vyote ni kitu kimoja. Na kwenye kila chupa yetu imeandikwa: Kila ndoo imeonjwa na mwenye kampuni.

Msiniulize kwa nini sikuibadilisha lebo. Jina letu lote lilikuwa pale. Kifaa cha kupima tunacho, lakini kinapima maji tu. Asali iliyoungua moshi, iliyoanza kuchacha au iliyotiwa sukari ya dukani hukamatwa na ulimi. Kwa hiyo nikabuni hila. Kuna dada mmoja pale stoo, mama wa watoto watatu. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, wakapata uraia, wakawa wafugaji wa nyuki kama wengine wa huku. Nilitangaza kwamba namfundisha kazi. Kila ndoo ikija anaonja yeye kwanza, nami namtazama usoni. Akitulia, nachovya kijiko changu, nafumba macho kwa maringo, napokea. Akikunja uso, nakataa. Miaka yote hiyo nilimwita mwanafunzi.

Mwanangu aliyeko Dodoma ndiye aliyeniambia kampuni haiuzwi kama mbuzi. Alinitaka nitafute benki ndogo ya uwekezaji, zile zinazosimamia mauzo ya kampuni. Nilicheka. Benki gani hiyo ambayo huwezi kuweka hata shilingi? Akanieleza kwamba wao wanakutafutia wanunuzi, wanakuandikia sifa zako, wanakupatania bei, na mwisho wanachukua fungu lao. Kwetu mtu huyo anaitwa dalali. Tofauti niliyoiona mimi ilikuwa suti.

Wa kwanza nilikutana nao hotelini Kasulu. Walikuwa watatu, na kabla soda hazijafunguliwa wakanipa karatasi ya kutunza siri nisaini. Siri gani, na wameijuaje? Kumbe ndio utaratibu wao, kila mteja husaini. Baada ya hapo walizungumza saa nzima, na waliipenda kampuni yangu kuliko ninavyoipenda mimi. Nilipowauliza watakuja lini kuiona stoo, walisema si lazima, picha zinatosha, na barabara ya Kibondo wanaijua vumbi lake. Nilishusha pumzi. Halafu papo hapo nikaanza kuwashuku, maana mtu anawezaje kuuza kitu asichokitia machoni? Bei waliyonitajia ilikuwa kubwa mno, na bado nilitoka pale najiona nimeibiwa.

Wa pili alikuja mwenyewe mpaka Kibondo. Alikuwa mwanaume wa makamo, na benki yake nzima ilikuwa yeye na dada yake mwanasheria. Alikaa stoo tangu asubuhi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakusifu chochote. Aliuliza asali inatoka vijiji gani, nani hukataliwa, nani akikataliwa hurudi. Vitabu vyangu alivishika kama wabadilisha fedha wa mpakani Manyovu wanavyoshika noti, anainua ukurasa kwenye mwanga kwanza ndipo asome. Sikumpenda hata kidogo. Nilishuku ametumwa na washindani wangu, nikashuku ametumwa na watu wa kodi, na mpaka mchana ulipofika nilikuwa nimeanza kumshuku hata mwanangu wa Dodoma.

Alasiri wafugaji walipokwisha kuondoka, alinifuata kwenye kijichumba changu cha ofisi, akafunga mlango.

"Mama, samahani. Mbona kabla ya kuonja unamtazama kwanza yule dada?"

Nilimjibu kwamba ni mwanafunzi wangu. Alisema mwalimu huonja kwanza, kisha ndipo amtazame mwanafunzi kuona kama amepatia. Hapo nikawaka. Nilimuuliza kama amekuja kuuza kampuni au kunipekua, nikamwambia maneno mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Ana subira ya kuudhi, yule bwana.

"Unachouza hapa si mizinga wala lebo," alisema. "Ni ulimi wa yule dada, na mwenyewe hajui kama anauzwa."

Sharti lake lilikuwa hilo. Angeichukua kazi endapo dada wa stoo ataambiwa, lebo itaandikwa upya, na jina la dada huyo litaingia kwenye makaratasi pamoja na fungu lake. Vinginevyo hakuwa tayari kumpelekea mnunuzi kitu kitakachogundulika wiki ya kwanza. Akaenda kuningoja Kasulu.

Alipoondoka, shuku zangu zilipanda maradufu. Labda alitaka kunishusha bei. Labda alitaka kunipora yule dada amuuze kwa mwingine. Karatasi za mkataba za wale watatu wa Kasulu zilikuwa mezani, zimebakiza sahihi yangu tu, na niliishika kalamu kabisa. Wale wasingeuliza kitu. Ndipo aibu iliponishika, kwa sababu niliona wazi kwamba nimekuwa nikichagua benki kwa kipimo cha nani hataona. Niliweka kalamu chini, nikampigia simu yule mpekuzi, nikamwambia nimekubali. Kisha nikamwita dada.

Aliingia akifuta mikono kwenye kanga. Nilimwambia akae, akakataa kukaa.

"Mdogo wangu, mimi sionji," nikasema. "Tangu ile homa sijaonja kitu. Miaka yote hii ni wewe."

"Ego, Mama," aliitikia ndiyo kwa Kirundi. "Najua."

Nilimuuliza amejuaje. Alitazama mlangoni.

"Msimu uliopita nilikunja uso makusudi kwenye asali nzuri. Ukaikataa."

"Asali ya nani?"

"Ya baba. Ya mtu mwingine nisingethubutu."

Niliikumbuka siku ile. Mbele ya watu wote nilimpa mzee wake somo refu juu ya moshi, naye akanisikiliza kofia ikiwa mkononi, akafunga ndoo zake kwenye baiskeli, akaniambia ahsante.