Compilateur imemwomba mume wangu msamaha, sasa anataka kutoa ushuhuda kanisani

Admin, ficha jina langu, hapa Bunia tunajuana. Nina miaka 29, nimeolewa, tuna mtoto mmoja. Mimi na mume wangu tunaandika programu za kompyuta nyumbani, mtaa wa Lumumba. Sasa tunaandikia kituo kimoja cha afya programu ya kutunza hesabu ya dawa. Wanaitaka Jumatatu, la sivyo kazi inakwenda kwa wengine.

Mume wangu ndiye aliyeandika template, yaani kiolezo kimoja cha kutumika kwa dawa za kila aina. Kuna mstari aliukosea. Kwa kawaida compilateur, ile inayogeuza maandishi yetu yawe programu, ingesema tu hapa umekosea. Hii yetu inaanguka yenyewe na kuzimika, bila kutaja mstari wowote. Nilipougundua ule mstari wenye kosa nikamwambia taratibu, "Papa Neema, tutengeneze hapa." Akawaka. "Kama code yangu njo mubaya, ingeniambia! Compilateur njo iko na kosa. Usiguse kitu!" Akawaandikia walioitengeneza, akakaa kusubiri jibu kama mwenye kesi ya shamba. Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini huyu wangu hata mstari mmoja hakubali. Jamani, nimechoka!

Jana jibu limekuja: asante, kuanguka ni kosa letu, tutarekebisha. Akaruka, akampigia mama yake. "Mama, bazungu bamekubali, kosa ni yabo!" Mama mkwe akapiga vigelegele kwenye simu, akasema Jumapili lazima mwanawe atoe ushuhuda kanisani, familia yote ipande mbele kumsindikiza. Na mkuu wa kituo cha afya anasali hapo hapo.

Mimi nililisoma jibu mpaka chini. Linaendelea: lakini code yako si sahihi, tukimaliza kurekebisha, compilateur itaikataa na kukuonyesha kosa lako. Nikamwonyesha. Akafunga kompyuta. "Mama Neema, weye iko upande ya nani?"

Nimeurekebisha ule mstari kwenye mashine yangu, programu inafanya kazi vizuri kabisa. Nikiipeleka kimya, ataamini Mungu alimtetea, na kazi ijayo tutarudi palepale. Nikisema kabla ya Jumapili, ukweni watasema nimemwaibisha mume. Na tayari amenipa suti ya ushuhuda niipige pasi.

Nishaurini ndugu zangu. Niseme, au nipige pasi ninyamaze?