Fomu Niliyomjazia Kaka Yangu kwa Hasira

Admin, jina langu libaki kwako tu, na kanisa letu usilitaje. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tisa, naishi huku upande wa Kathonzweni na mama na kaka yangu. Kaka nitamwita Kyalo. Ana miaka thelathini na nne, lakini tangu azaliwe akili yake ni ya mtoto mdogo. Haongei sana. Mbuzi wetu anawajua mmoja mmoja, kanisani ndiye anapanga viti, na akikasirika anapiga. Hiyo siwezi kuficha. Wale wa kuja kuandika "mwombee tu dada," tafadhali piteni. Tumeomba mpaka magoti yakaota sugu.

Mwaka jana tulimpeleka kliniki ya akili. Nesi alikuwa na fomu ndefu ya maswali. Anapiga watu? Anajiuma? Anapiga kelele? Anatoroka nyumbani? Kila swali unaweka namba, sufuri kama hana hiyo shida, mpaka tatu kama imezidi. Mama ndiye alijibu, na kila swali alisema, "Aah, hapana, huyu ni mtoto mzuri." Ilikuwa aibu, jamani. Aliona ni yeye anapimwa. Nesi akajumlisha, akasema Kyalo hana shida kubwa, tumwangalie tu nyumbani. Kwa heshima sikumpinga mama, tukarudi mikono mitupu.

Baada ya mwezi hivi, mama alimzuia asiguse sufuria ya isyo, yale mahindi na maharage, kwa sababu ilikuwa moto. Kyalo akashika mwiko akampiga nao, mkono wa mama ukavunjika. Wa kulia. Kutoka hapo nilikuwa napika, nafua, namwogesha mama, namwogesha Kyalo, halafu nakimbia kazini kwa duka la dawa za mifugo. Na kulikuwa na mwanaume wa kule Zombe ambaye alikuwa amekuja kwetu kujitambulisha kama mchumba. Akaniuliza, "Nakupenda, lakini huyo kaka yako atabaki na nani?" Baada ya hapo simu zangu akawa anashika akitaka.

Nikarudi kliniki peke yangu. Nesi akanipa fomu niende nayo nyumbani, nimwangalie Kyalo wiki mbili, kila siku niandike nimeona nini. Sikuandika kitu. Siku ya mwisho niliijaza yote pale kaunta, kati ya wateja, nikiwa na hasira ya kuchoka. Kupiga watu, tatu. Na mwaka mzima alikuwa amepiga mara mbili. Kelele, tatu. Kelele zenyewe ni za kuita mbuzi jioni na za kanisani nyimbo zikimfurahisha, na huko nani hapigi kelele? Halafu nikafika kwa kutoroka nyumbani. Wueh! Kyalo hajawahi kutoroka. Kila jioni alikuwa anatoka kuja kunipokea barabarani, anabeba mfuko wangu, anacheka peke yake njia nzima. Nikaandika tatu. Si anatoka kila siku? Hivyo ndivyo nilijiambia.

Nesi alijumlisha akashtuka. "Pole sana, mmevumilia mengi," akaniambia. Daktari akaamini hiyo karatasi, na kwa nini asiamini? Akaandika sindano ya kila mwezi na vidonge asubuhi na jioni.

Miezi mitatu haikuisha, Kyalo akanyamaza. Anakaa kwa kiti cha plastiki kando ya ukuta, mate yanamtoka, miguu inatetemeka. Mbuzi wakipotea hana habari. Wiki jana aliweka mkono kwa jiko la makaa na hakulia. Mama ndiye alisikia harufu. Nilimfunga kile kidonda nikimwita jina lake, na aki hakuitika. Nilienda nyuma ya choo nikalia vile sijawahi kulia.

Mama naye ana furaha. Alisimama kanisani akatoa ushuhuda, pasta akasema roho chafu imeshindwa, watu wakapiga makofi. Yule wa Zombe, alipoona kumetulia, akaleta wazee. Nilipomwambia mama ukweli wa ile fomu, alinikodolea macho. "Unataka anivunje na huu mkono mwingine? Wewe utaolewa uende. Mimi ndiye nitabaki naye." Na hajadanganya.

Juzi tulirudi kliniki, fomu ni ile ile. Kupiga, sufuri. Kelele, sufuri. Kutoroka, sufuri. Nesi alifurahi. "Unaona? Ameshuka kabisa!" Kidonda alikiangalia, akasema tuwe waangalifu na jiko. Nikafungua mdomo niseme, mama akanifinya paja chini ya meza. Nilisoma hiyo fomu yote nikingoja, na hakuna swali hata moja linauliza kama mtu bado anacheka.

Sasa nesi ameniomba Jumamosi nisimame mbele ya familia zingine zenye watu kama Kyalo, niwaeleze tulivyojaza fomu mpaka akapata nafuu. Jumatatu ni sindano nyingine. Nikisema ukweli, dawa itapunguzwa, na siku akipiga atampiga mama, mimi nikiwa kwa bwana. Nikinyamaza, namwona kaka yangu akiisha pale kwa kiti, na kila mwezi karatasi inasema amepona.

Kama kuna mzazi humu ana mtoto mkubwa kama huyu, ama kuna nesi, niambieni nifanye aje, na mkitaka nitukaneni pia, nitasoma zote. Ningemuuliza Kyalo mwenyewe, lakini mimi ndiye nilimnyamazisha.