Mafundi Wawili wa Mchezo wa Dadu

Watu niliosoma nao sekondari pale Mpanda, miaka ya tisini, bado wananiuliza ni nani kati ya wale wavulana wawili alikuwa fundi zaidi wa kutunga michezo. Swali lenyewe linanichosha. Ni kama kuulizwa kati ya mbu na kiroboto nani ana adabu.

Mchezo ulikuja na mwalimu wa kujitolea kutoka Ulaya aliyetufundisha fizikia. Mnakaa mezani watu wanne au watano. Mmoja anakuwa msimulizi, na waliobaki kila mmoja anajifanya mtu wa kubuni: mwindaji, mganga, mfanyabiashara. Msimulizi anasema mmekutana na nini, nyie mnasema mnafanya nini, na penye shaka dadu inaamua. Basi. Mwalimu alipomaliza mkataba wake alituachia dadu moja na kitabu chenye picha za majoka yenye mabawa. Kitabu kililiwa na mchwa na hakuna aliyekililia. Msiba ulikuwa kwamba wenzetu wawili darasani waliamua kuwa sasa wao ndio watunzi.

Wa kwanza alitoka Kibaoni, kwao wakulima wa mpunga. Alikuwa kijana wa kunyoosha suruali kwa kuilaza chini ya godoro, na michezo aliitunga hivyohivyo, ikiwa imebanwa. Jumamosi moja alituita darasani tuujaribu wa kwake: mimi, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, na wavulana wawili wa kidato cha pili. Kazi yetu ilikuwa kupeleka gunia la mchele kutoka Kibaoni hadi Mpanda kwa baiskeli. Njiani, alituahidi, kuna majambazi na viboko.

"Kwanza mfunge gunia," akasema. "Tupa dadu tuone kamba imekaza kiasi gani."

Nikatupa. Ikaja mbili.

"Imelegea. Toa moja, gunia limelowa. Ongeza moja kama wewe ni mrefu."

"Mimi ni mrefu?"

"Simama tukupime."

Akanipima kweli, kwa rula ya ubaoni. Ilipogongwa kengele ya usafi baiskeli ilikuwa bado uani. Hatukuona kiboko hata sikio lake. Nikimtendea haki, yule bwana hakupendelea mtu. Dadu ikisema umeanguka, umeanguka, hata uwe ndugu yake wa damu. Hiyo ndiyo sifa yake, na hata mzani wa sokoni unayo.

Wa pili alitoka Mwamkulu. Huyu alidharau kanuni, akasema ni mambo ya makarani. Jumamosi iliyofuata alitukalisha meza ileile akaanza kusimulia habari za mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Alipoigiza sauti ya yule mama, ile ya kusema huku anameza machozi, wavulana wa kidato cha pili waliacha kutafuna miwa. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Sauti alikuwa nayo, siwezi kumnyima. Kisha akatuambia tuingie msituni usiku kuitafuta hati ya shamba.

"Mimi siingii," rafiki yangu akasema. "Naenda kwa balozi wa nyumba kumi, nimweleze."

"Huwezi kwenda."

"Kwa nini?"

"Njiani kuna simba."

"Napita njia nyingine."

"Huko nako kuna simba."

"Basi narudi kulala."

Akamtazama rafiki yangu kwa hasira. "Simba yuko kitandani," akasema.

Rafiki yangu akaliwa na simba kitandani kwake kwa kosa la kuwa na akili. Dadu haikutupwa hata mara moja. Yule kijana hakutaka wachezaji, alitaka wasikilizaji wenye shingo za kutikisa.

Darasa likanibana niseme nani zaidi. Nikawaambia wazi: mmoja ana haki lakini hana hadithi, mwingine ana hadithi lakini hana haki, na wote wawili hawana huruma na muda wa watu. Watunzi wote wawili wakanuna. Wa Mwamkulu akanijia wakati wa mapumziko, mwenzake nyuma yake.

"Dada, unajifanya unajua sana. Wewe umetunga nini?"

"Sijatunga kitu. Ndiyo maana sijamchosha mtu."

Maneno hayo yakawaunganisha. Siku chache baadaye wakatangaza kwamba wanatunga mchezo mmoja, wa pamoja, na Jumapili baada ya misa walialika watu ukumbi wa parokia kule Makanyagio. Tukajaa, mpaka wanakwaya. Sijui nilitegemea nini. Nilipata simba yuleyule, ila sasa kila jino la simba lilikuwa na hesabu yake. Mjane alianza kulia, akakatizwa ili tutupe dadu kujua machozi ni mengi kiasi gani. Kwaya ikaondoka kwanza, kwa heshima, ikifuatiwa na wengine bila heshima. Kulikuwa na mpira uwanjani.

Mimi na rafiki yangu tulisimama mlangoni. Mezani walibaki wao wawili.

"Tuendelee. Wewe uwe mchezaji," wa Kibaoni akasema.

"Mimi ni msimulizi. Kuwa wewe."

"Kanuni ni zangu."

"Hadithi ni yangu."

Wakakaa wakitazamana, hakuna aliyeshika dadu. Mama wa kufagia ukumbi akaingia na ufagio, akawauliza wanafanya nini.

"Tunacheza," wakajibu pamoja.

"Mnacheza nini, wanangu? Mbona mmenyamaza tu? Inueni miguu nifagie."

Wakainua miguu. Mimi na rafiki yangu tukaenda uwanjani, tukakuta mpira umefika kipindi cha pili, timu yetu imeshafungwa, na uwanja ni matope matupu. Tulifurahi sana siku ile.